Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mtoto Kuthamini Shule, Mwalimu na Lugha ya Kwao

Mtoto wa darasa la sita anaporudi nyumbani, akalitupa begi sebuleni na kusema kwamba shule haina maana, kwamba mwalimu wa hisabati hajui kufundisha, na kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wasiosoma, wazazi wengi huyachukua hayo kuwa makosa matatu tofauti. La kwanza humtilia adhabu, la pili humtolea mawaidha, na la tatu hulicheka. Katika miaka niliyofundisha shule ya msingi na kulea watoto wangu mwenyewe, nimejiridhisha kwamba yote matatu hutoka katika chemchemi moja: mtoto hudharau kazi ambayo hajaiona ikifanywa. Mwalimu amemwona ubaoni, lakini hajawahi kuliona andalio la somo, yaani mpango wa kipindi ulioandikwa kabla ya kufundisha. Kiswahili anakizungumza kutwa, lakini hajawahi kulifungua neno akaona ndani yake mna nini. Na shule yenyewe aliikuta imesimama, kama mtu aliyeukuta mwembe umeshazaa.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na kumwambia mtoto kwamba shule ni muhimu, kwa sababu ameshaambiwa mara nyingi mno. Unaanza na kumsogeza karibu na kazi yenyewe. Tenga muhula mmoja, hasa siku za Jumamosi na jioni zisizo na kazi nyingi. Nimeuandikia mzazi na mlezi, lakini kijana wa sekondari anaweza kuzifuata hatua hizi yeye mwenyewe bila kusimamiwa.

Hatua ya kwanza: tafuta chanzo kabla ya kutafuta dawa

Ukimuuliza mtoto shule ilikuwaje, atakujibu "nzuri" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize mambo madogo yanayoshikika: leo ni katika somo gani alianza kutoelewa, na mwalimu alikuwa anasema nini wakati huo; aliketi na nani; saa nne alikunywa uji au alishinda na njaa; ni nani aliyechekwa darasani, na alichekwa kwa sababu gani. Usiulize yote siku moja. Swali moja kila jioni, kwa wiki mbili, litakupa picha ambayo hukuwa nayo.

Mwangalie pia anavyosoma. Mtoto anayekileta kitabu karibu na pua, au anayenakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni, huenda haoni vizuri, na hakuna mawaidha yatakayomfanya apende somo asiloliona. Mpeleke apimwe macho. Mtoto anayetembea mwendo mrefu bila kifungua kinywa ana jambo jingine, na anayeogopa viboko ana lake. Kijana aliyeingia kidato cha kwanza akitokea shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha ghafla masomo karibu yote yamegeuka kuwa Kiingereza. Wengi katika hao husema hawapendi shule, na maana yake halisi ni kwamba hawaelewi kinachosemwa.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Shule moja aliyosoma mwanangu ilikuwa na kibao cha mbao chenye uzi, kilichovishwa shingoni mwa mtoto yeyote aliyesikika akizungumza Kiswahili uwanjani, naye alikivaa mpaka amnase mwenzake ili amvishe yeye. Mwanangu alikivaa siku mbili mfululizo, na kwa wiki nzima hakusema neno mezani. Nilidhani anaumwa. Kumbe mtoto alikuwa amefundishwa kwa wakati mmoja kuikimbia lugha ya mama yake, kumwogopa mwalimu wake na kumchongea rafiki yake. Ilichukua mazungumzo matatu na uongozi wa shule hadi kibao kile kikaondolewa. Mzazi mwenzangu, ukikuta jambo la namna hiyo, usiendelee na hatua nyingine kabla hujalishughulikia.

Hatua ya pili: safisha maneno ya nyumbani

Watoto hawaanzi dharau wenyewe. Huiokota sakafuni kwetu. Kwa siku saba jisikilize unapozungumza mbele yao. Je, shule ya serikali unaiita "Kayumba"? Je, umewahi kusema kwamba ualimu ni kazi ya waliokosa kazi nyingine? Je, kati ya watoto wako unamsifu yule tu anayetiririka Kiingereza mbele ya wageni? Hata neno "kilugha", tunalolitumia kwa Kisukuma, Kihaya au Kigogo, limebeba ki- ya kudogosha, kana kwamba lugha hiyo ni kipande cha lugha. Mimi nimeliacha. Nasema Kinyakyusa, kwa jina lake, na watoto wangu wamefuata.

Hatua ya tatu: mwache afundishe kwa dakika ishirini

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, nami nakusihi usiiruke. Mwambie mtoto achague kitu kimoja anachokijua vizuri, amfundishe mdogo wake au mtoto wa jirani kwa dakika 20. Masharti ni matatu: ajiandae kwa kuandika kwenye karatasi atakachosema mwanzo, katikati na mwisho, asimpigie kelele mwanafunzi wake, na mwishoni mwanafunzi afanye swali moja peke yake bila msaada.

Binti yangu, akiwa darasa la sita, alichagua kutoa kwa kukopa, akiamini kuwa ni jambo la dakika tano. Aliandika 52 toa 27. "Mbili toa saba haiwezekani," akaeleza, "kwa hiyo tunakopa kumi kutoka kwenye makumi." Mdogo wake, aliyekuwa darasa la pili, akamuuliza: "Tunakopa, halafu hatulipi?" Dada mtu akanyamaza. Akarudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, na mdogo akarudia swali lilelile. Nilimwona akinigeukia kwa macho ya kuomba msaada, nikajizuia.

Baada ya muda alikwenda jikoni, akarudi na njiti za kiberiti na uzi. Akafunga mafungu matano ya njiti kumi kumi, pembeni akaweka njiti mbili. Hiyo ikawa 52. Akamwambia mdogo wake atoe njiti saba kwenye zile mbili. Mtoto akasema hazitoshi. "Basi fungua fungu moja." Likafunguliwa, sasa yakawa mafungu manne na njiti 12 za mojamoja. Saba zikatoka, zikabaki tano. Mafungu mawili yakatoka, yakabaki mawili: 25. "Umeona?" akasema dada mtu. "Hatujakopa kwa mtu. Tumefungua fungu letu wenyewe."

Baada ya somo kaa na mwalimu huyo mdogo, umuulize mambo mawili tu, kisha unyamaze ili afikiri. Kwanza, yeye alijisikiaje pale mwanafunzi wake alipotazama dirishani wakati anaeleza? Pili, je, angeweza kulijibu lile swali la kukopa bila kulipa kwa lugha asiyoimudu? Binti yangu alisoma hesabu zake kwa Kiingereza, na alipotafakari aligundua kwamba jibu lake lote, tangu kwenye fungu mpaka kwenye uzi, lilimjia kwa Kiswahili. Sikumwongezea neno.

Rudia zoezi hili mara nne katika muhula, kila mara kwa somo jingine.

Hatua ya nne: mwonyeshe kazi ya mwalimu isiyoonekana

Chukua karatasi, mpige hesabu pamoja. Mwalimu ana darasa la watoto 70, idadi ambayo haimshangazi mtu katika shule zetu nyingi. Ametoa zoezi la maswali machache, na anatumia dakika mbili kwa kila daftari: kusoma, kuweka alama za vema na za kosa, kusahihisha herufi, kutia sahihi. Dakika mbili mara sabini ni dakika 140, yaani saa mbili na dakika ishirini, kwa zoezi moja la somo moja. Kisha mwambie mtoto asahihishe madaftari yake ya mwaka uliopita, kurasa kumi, kwa kalamu nyekundu, akitafuta makosa yaliyompita mwalimu na yale aliyoyakamata. Ukurasa wa nne mkono huanza kuchoka. Mwache uchoke.

Mweleze majina ya kazi hizo, kwa maana kitu chenye jina huonekana. Kuna azimio la kazi, ambalo hupanga mada za muhula mzima kwa wiki. Kuna andalio la somo, ambalo huandikwa kwa kila kipindi, likionyesha mwanafunzi atakuwa ameweza nini kipindi kitakapokwisha. Kuna nukuu za somo, kuna zana za kufundishia, ambazo mara nyingi mwalimu huzitengeneza mwenyewe kwa vifuniko vya chupa, maboksi na mbegu, na kuna zamu, ambapo mwalimu hufika kabla ya wengine na kuondoka baada ya wote. Ukiwa na ndugu au jirani aliye mwalimu, muombe kwa heshima amwonyeshe mtoto andalio moja la somo. Ni karatasi tu, lakini mtoto atakapoona kwamba lile swali lililomfurahisha darasani lilipangwa usiku wa jana, kitu hubadilika katika namna anavyoketi.

Hapa niseme jambo ambalo lisipotamkwa mwongozo wote utakuwa na uongo ndani yake. Kumthamini mwalimu si kunyamazia ubaya. Mtoto anayetukanwa, anayepigwa hadi kuumizwa, au anayeguswa isivyostahili ana haki ya kusikilizwa nyumbani siku hiyohiyo, bila kuambiwa kwanza kwamba mwalimu ni mzazi wa pili. Nenda kwa mwalimu mkuu, na kama hapana msaada, kwa kamati ya shule na afisa elimu kata. Panapokuwa na ukatili, nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au piga namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo, Tanzania na Kenya vilevile. Mtoto akijua kwamba heshima yake kwa walimu haimwachi peke yake, heshima hiyo huwa ya kweli.

Hatua ya tano: lifungueni neno

Dharau ya lugha haiondoki kwa kuambiwa kwamba Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni. Huondoka pale mtoto anapokuta lugha yake inafanya kazi aliyodhani haiwezi. Nami nina neno moja ambalo halijawahi kuniangusha.

Jaza ndoo ya lita 20, mpe mtoto wa sekondari aibebe kwa mshikio wake wa waya kutoka bombani hadi mlangoni. Atafika akiwa na mstari mwekundu kiganjani. Sasa funga kitambaa kinene kwenye waya, mwambie airudishe. Maji ni yaleyale, umbali ni uleule, lakini mkono hauumii. Muulize kwa nini. Kama amesoma fizikia atatafuta neno la Kiingereza, pressure, alilolikariri pamoja na kanuni yake, na mara nyingi atakwama kati ya neno na mkono wake. Hapo ndipo umpe neno la Kiswahili: kanieneo. Likate vipande viwili mbele yake. Kani ni nguvu inayosukuma au kuvuta, na eneo analijua tangu darasa la tano. Kani ya ndoo haikubadilika, kitambaa kimeongeza eneo linalogusana na kiganja, kanieneo imepungua. Neno lenyewe limebeba kanuni ndani yake, kani ikigawanywa kwa eneo, na atakayelijua hawezi kuisahau kanuni hiyo kwenye mtihani wa lugha yoyote.

Kuanzia siku hiyo anzisheni daftari la safu tatu: neno la Kiingereza lililofundishwa shuleni, neno lake la Kiswahili, na maelezo ya mtoto kwa maneno yake mwenyewe. Usanisinuru, ambalo ni sanisi (kuunda kitu kwa kuunganisha vingine) na nuru, litaeleza jinsi jani linavyotengeneza chakula kwa mwanga. Nusukipenyo haihitaji maelezo kwa anayejua kipenyo. Maneno matano kwa wiki yanatosha. Kwa maneno msiyoyajua, tumieni kamusi za BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, na za taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, msibuni tu.

Wala usimfanye mtoto aamini kwamba ili akipende Kiswahili ni lazima akichukie Kiingereza. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama katika nyumba ya Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akafika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akafundisha Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Akiwa tayari rais wa nchi alikaa chini akazitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikitoka mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969. Mtu mwenye kudharau lugha moja kati ya hizo mbili asingeweza kuifanya kazi hiyo. Na kati ya majina yote ambayo wananchi wangeweza kumwita, walilichagua lile la kazi yake ya darasani, akaitwa hivyo hadi alipofariki mwaka 1999.

Hatua ya sita: likizo kwa bibi, na daftari mkononi

Kwa watoto wengi wa mjini Kiswahili ndicho lugha ya kwanza, lakini nyuma yake ipo lugha nyingine ambayo bibi huitumia anapoomba, anapobembeleza mtoto mchanga na anapokasirika kweli. Tanzania ina zaidi ya lugha 120, na nyingi hufa kimyakimya katika sebule kama zetu.

Usimwambie mtoto ajifunze lugha nzima. Mpe kazi ndogo: salamu, shukrani, na shughuli moja ambayo bibi ataieleza tangu mwanzo hadi mwisho kwa lugha yake, iwe kupika pombe ya ndizi, kusuka mkeka au kumhudumia mama aliyejifungua. Orodha ya maneno humchosha mzee, bali shughuli humfungua kinywa. Mtoto arekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa, kisha aandike. Huko Usukumani atakutana na mwangaluka ya asubuhi na wabeja ya kushukuru. Kwetu Rungwe, kwa Kinyakyusa, atasikia ndaga kwa shukrani, na asubuhi ataulizwa ugonile, yaani umelala, au mugonile kwa wengi.

Mwanangu alipoandika neno hilo nilimwonyesha kwamba kulala ni ukugona, na kwamba -ile mwishoni ndiyo inayofanya kazi ambayo Kiswahili cha leo huipa -me-. Nikamwonyesha pia kwamba mwisho huohuo wa -ile umo katika tungo za kale za Kiswahili cha pwani. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama bibi yake anajua kwamba anazungumza kama washairi wa zamani. Alikwenda kumwambia yeye mwenyewe.

Tarehe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, ni siku nzuri ya kusoma kwa sauti kile alichokiandika likizo. Mweleze kwa nini ni tarehe hiyo: mwaka 1952, katika mji wa Dhaka, Bangladesh ya leo, wanafunzi walipigwa risasi wakidai lugha yao ya Kibengali itambuliwe, na UNESCO iliichagua siku hiyo mwaka 1999. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huangukia sikukuu ya Sabasaba, kwa hiyo familia inaweza kuwa pamoja nyumbani.

Hatua ya saba: awasikilize walioikosa shule

Hatua hii ni fupi. Mtoto amhoji mzee mmoja katika ukoo kwa maswali matatu: uliishia darasa la ngapi, ni nini kilichokutoa shuleni, na ni kitu gani ulikitaka kukisoma hukukipata. Asijibu, asitoe pole, aandike tu. Wengine watamsimulia kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970, jinsi walivyojifunza kuandika majina yao jioni baada ya shamba. Ukitaka mfano wa nje ya ukoo, msimulie Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya karo ya shule za msingi kufutwa, akakaa dawati moja na watoto waliokuwa rika la vitukuu vyake.

Hatua ya nane: barua kwa mwalimu

Muhula ukikaribia kwisha, au ukipenda ifikapo tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, mtoto aandike barua kwa mwalimu mmoja. Iandikwe kwa mkono, kwa Kiswahili au kwa lugha ambayo mtoto na mwalimu wote wawili wanaisikia vizuri. Mzuie asiandike sifa za jumla, kwa maana "wewe ni mwalimu bora" haimwambii mwalimu kitu. Ataje somo moja, siku moja, na kitu kimoja alichokielewa siku hiyo. Barua ya binti yangu, ambayo aliniruhusu kuinakili, ilikuwa na mistari michache tu:

"Shikamoo mwalimu. Muhula uliopita ulitufundisha kutoa kwa kukopa ukitumia vijiti, na mimi nilikuwa naongea na jirani yangu. Nilipomfundisha mdogo wangu nilishindwa, mpaka nikakumbuka vile vijiti. Sasa anajua. Nakushukuru."

Usiihariri barua hiyo, hata ukikuta kosa la herufi. Iweke kwenye bahasha, mtoto aipeleke mwenyewe, aitoe kwa mikono miwili wakati mwalimu hana darasa, kisha aondoke bila kusubiri ifunguliwe mbele yake.